Mtoto wa Nyoka ni Nyoka: Namna ya Kumtuliza Nyoka Mchanga Mwenye Hofu

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," wamesema wahenga, na katika vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, methali hiyo aghalabu hutekelezwa kwa fimbo. Mvua zinapoanza kunyesha, mama aendaye kuchukua mahindi kihengeni huweza kumkuta nyoka mwembamba wa rangi ya kahawia, asiyezidi urefu wa kalamu mbili. Nyoka hujikunja, hutikisa mkia na kurusha kichwa mbele kana kwamba anataka kuuma. Makelele hupigwa, jembe hushuka, na habari yake huishia hapo.

Katika miji ya Ulaya na Marekani, nyoka wa jamii hiyo hiyo hulelewa ndani ya nyumba za watu. Mfugaji wa huko, akimwona mgeni wake anarusha kichwa, hafikirii jembe. Hufunika chombo kwa kitambaa na kuondoka chumbani. Watu hawa wawili wamekutana na mnyama mmoja mwenye tabia moja. Tofauti yao ni maana wanayoipa tabia hiyo: mmoja ameona ukali, mwingine ameona hofu. Je, ni yupi aliye karibu zaidi na ukweli?

Nyoka wa nyumbani

Nyoka anayezungumziwa hapa ni wa jenasi iitwayo Boaedon, na anaenea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Rangi yake ni kahawia yenye kung'aa, na aghalabu ana mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, mmoja ukipita kwenye jicho. Hutembea usiku. Hana sumu inayomdhuru mwanadamu; humwua panya kwa kumbana kwa mwili wake. Huja karibu na nyumba za watu kwa sababu moja tu: mahali penye nafaka pana panya, na mahali penye panya yeye hupata chakula. Kwa mkulima wa mahindi, ulezi au mtama, huyu ni mlinzi wa ghala asiyedai mshahara.

Asili ya hofu yake

Nyoka mchanga huzaliwa katika dunia iliyojaa maadui. Tai, korongo, nguchiro, kuku na hata nyoka wengine humla. Hana miguu ya kukimbilia wala mama wa kumtetea, kwani nyoka wengi hutaga mayai na kwenda zao. Kinga yake ya kwanza ni kujificha. Ya pili, akishindwa kujificha, ni kujifanya mkali. Hivyo nyoka anayerusha kichwa ni nyoka aliyekosa pa kukimbilia.

Hisi zake nazo huongeza hofu hiyo. Nyoka hana masikio ya nje, lakini mtikisiko wa ardhi humfikia kupitia mifupa ya taya. Hatua za mtu sakafuni, mlango unaobamizwa na meza inayosukumwa, vyote humpa habari ya kitu kikubwa kinachokuja. Ulimi wake hukusanya chembechembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilichomo katika paa la kinywa. Akihamishiwa mahali pageni, kila harufu ni ngeni, wala hapana hata moja inayomwambia kwamba yu salama.

Jambo la tatu ni joto. Mwili wa nyoka hautengenezi joto la kutosha kama mwili wa mwanadamu. Hulipata kutoka nje, kwa kuota jua au kulala juu ya jiwe lililopata moto. Bila joto hilo, vimeng'enya vya tumboni hufanya kazi polepole mno, na chakula huweza kuoza kabla hakijasagwa. Nyoka mwenye baridi au hofu hukataa kula, na akilazimishwa huweza kutapika. Ndiyo maana nyoka wengi wachanga hufa mikononi mwa watu wenye nia njema. Wanaowaua si maadui, bali ni wale wanaowashikashika.

Siku saba za kwanza

Wafugaji wenye uzoefu hufuata utaratibu usio mgumu. Nyoka mchanga huwekwa katika chombo kidogo chenye kifuniko imara na matundu ya hewa. Chombo kikubwa hakimfurahishi, kwani uwanja mpana usio na maficho kwake ni mahali pa kuliwa. Upande mmoja wa chombo hupashwa joto hadi kufikia nyuzi 28 au 31 za sentigredi, na upande wa pili huachwa uwe wa wastani, ili nyoka achague mwenyewe. Kila upande huwekwa maficho: kigae cha chungu, gome la mti au kisanduku chenye tundu dogo. Maficho yakiwa upande mmoja tu, nyoka mwenye hofu hulazimika kuchagua kati ya usalama na joto, na mara nyingi huchagua usalama huku akidhoofika kwa baridi. Maji safi huwekwa katika kibakuli kizito kisichopinduka.

Baada ya hapo huja sehemu iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kumwacha. Kwa muda wa siku tano hadi saba hashikwi, hahamishwi wala haonyeshwi kwa majirani. Mfugaji hubadilisha maji na kuondoka. Baada ya juma moja hivi, mtoto wa panya asiyeota manyoya huwekwa jioni karibu na maficho, na chombo hufunikwa. Nyoka asipokula, chakula huondolewa na kujaribiwa tena baada ya siku kadhaa. Hakuna sababu ya kuhangaika. Nyoka aliyetoka yaini karibuni bado ana akiba ya kiini tumboni, na wengi hawali hadi wajivue gamba kwa mara ya kwanza.

Akila, huachwa siku mbili bila kuguswa ili asage chakula chake. Akishakula mara kadhaa bila taabu ndipo huanza kuzoezwa mkono, kwa dakika chache tu, akiinuliwa kutoka chini ya mwili. Mkono unaomshukia kutoka juu kwake ni kama ukucha wa tai. Baada ya kumshika, mfugaji hunawa kwa sabuni, kwa kuwa nyoka huweza kubeba vijidudu vya salmonela.

Somo la mama chatu

Kanuni hizo za joto, giza na utulivu zinaonekana pia porini. Katika hifadhi ya Serengeti na kandokando ya mito kama Grumeti na Mara huishi chatu, nyoka mkubwa kuliko wote barani Afrika. Chatu jike hujizungusha juu ya mayai yake na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Mwaka 2018 mtaalamu Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika ya Kusini, alichapisha matokeo ya miaka ya kuwachunguza chatu wa kusini mwa Afrika mashimoni mwao. Aligundua kwamba mama hubaki na watoto kwa muda wa majuma mawili hivi baada ya kuanguliwa. Mchana huota jua hadi mwili wake ukaribie nyuzi 40, na usiku watoto hulala katikati ya mikunjo yake yenye joto. Mama huyo hawapi chakula. Anachowapa ni joto na maficho, yaani yale yale ambayo mfugaji hodari humpa nyoka mchanga chomboni.

Hadhari na sheria

Isidhaniwe kwamba makala haya yanamwalika mwanafunzi wa Tarime au Mugumu kwenda kukamata nyoka. Nchini Tanzania, kumkamata au kumfuga mnyamapori kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Isitoshe, kosa la utambuzi huweza kuleta kilema au kifo. Wapo nyoka wadogo weusi au wa kahawia waishio ardhini, wa jenasi Atractaspis, ambao hutokea usiku baada ya mvua na kufanana sana na wasio na sumu. Jino lao hutoka pembeni mwa kinywa kilichofungwa; hivyo hata aliyewashika nyuma ya kichwa huchomwa, na hakuna dawa maalumu ya kuzuia sumu yao. Watoto wa moma na fira nao wana sumu tangu siku wanayotoka kwa mama au yaini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto.

Hata hivyo, ujuzi wa mfugaji una faida kwa asiyefuga. Nyoka akionekana darasani au kihengeni, watu warudi nyuma taratibu, watoto waondolewe, na njia ya kutokea iachwe wazi. Asizingirwe, kwa maana nyoka aliyezingirwa ndiye aumaye. Asipotoka, Afisa Wanyamapori wa wilaya aarifiwe. Mtu akiumwa, atulizwe, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kama kilichovunjika, pete na bangili zivuliwe, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala lisikazwe kwa kamba.

Jaribio la shuleni

Mwalimu wa biolojia anaweza kufundisha jambo hili bila nyoka yeyote. Zinahitajika pimajoto tatu: moja iwekwe juani, ya pili kivulini, ya tatu chini ya chungu kilichofunikwa kifudifudi kivulini. Wanafunzi wasome nyuzi kila saa, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kuchora grafu ya mistari mitatu. Kisha wajiulize: mnyama asiyeweza kujitengenezea joto angekuwa wapi katika kila saa, na angepoteza nini kama angelazimishwa kukaa mahali pamoja kutwa nzima?

Darasa litakalojibu swali hilo litaielewa upya methali ya wahenga. Mtoto wa nyoka ni nyoka kweli: hutafuta joto, hutafuta giza, na humwogopa mwanadamu kuliko mwanadamu anavyomwogopa yeye.