Gari la familia la bei gani? Hesabu ya kupiga kabla ya kuuza alizeti na ng'ombe

• Gari la Sh15 milioni linaweza kula Sh14.6 milioni nyingine ndani ya miaka minne.
• Mkulima apige hesabu kwa mavuno ya mwaka mbaya, siyo mwaka wa neema.
• Kodi ya kuagiza gari lenye zaidi ya miaka 10 inakaribia thamani ya gari lenyewe.

Issuna. Mavuno yakishaingia ndani, hela ikiwa mkononi na dalali akiwa kwenye simu, ni rahisi familia kuamua kununua gari ndani ya wiki moja. Swali linaloulizwa huwa moja tu: "Wanauza shilingi ngapi?"

Swali hilo ni la mwisho, siyo la kwanza. Kwa familia ya kata ya Issuna, wilayani Ikungi, ambako kipato kikubwa huja mara moja kwa mwaka, gari halishindi watu siku ya kununua. Linawashinda Februari, wakati ghala limepungua, watoto wamerudi shule, na gari linataka mafuta na matairi. Ndiyo maana yapo magari yanayoishia kupaki uani, yamefunikwa turubai, huku deni lake likiendelea kulipwa.

Hesabu salama huanzia nyuma: kwanza gharama ya kulitembeza, kisha kipato, na bei ya kununua inakuja mwishoni.

Gari linakula kiasi gani kwa mwezi?

Tuchukue mfano wa gari dogo kama Toyota IST la CC 1,300. Tuseme familia inatembea kilometa 900 kwa mwezi, gari linakwenda kilometa 12 kwa lita, na petroli ni Sh3,000 kwa lita. Bei halisi hubadilika. Ewura hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo kila familia iweke bei ya mwezi husika.

• Mafuta: lita 75, sawa na Sh225,000.
• Bima ndogo: Sh118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, yaani karibu Sh10,000 kwa mwezi.
• Sevisi, matairi, betri na spea: kutenga Sh70,000 kila mwezi.

Jumla ni Sh305,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh3.66 milioni. Kwa miaka minne ni Sh14.64 milioni.

Maana yake, anayenunua gari la Sh15 milioni ananunua kitu cha karibu Sh30 milioni, isipokuwa nusu ya pili inalipwa kidogo kidogo kwenye kituo cha mafuta na kwa fundi.

Hiyo Sh70,000 ya matengenezo ndiyo wengi huiruka, kwa sababu mwezi wa kwanza na wa pili gari halidai kitu. Lakini matairi yanaisha yote manne kwa pamoja, na barabara za vumbi za kwenda mashambani hazina huruma na bushi wala shokapu. Bila akiba, siku hiyo ndiyo mtu anakimbilia mkopo wa kausha damu.

Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa Sh40 kwa lita. Kwa hiyo gari likipaki halidai ada hiyo, lakini kila lita inayowekwa tayari ina tozo ndani yake.

Noah au IST?

Familia ya watu sita haitoshi kihalali kwenye gari la viti vitano. Hapo wengi huruka moja kwa moja kwenye Noah yenye injini ya CC 2,000.

Noah ikienda kilometa 9 kwa lita, zile kilometa 900 zitataka lita 100, yaani Sh300,000. Tofauti na IST ni Sh75,000 kwa mwezi, au Sh900,000 kwa mwaka, kwa mafuta peke yake.

Swali la kujiuliza: watu wote sita wanasafiri pamoja mara ngapi? Kama ni kila Jumapili, Noah ina maana. Kama ni Krismasi, Idi na msiba mmoja, kukodi gari kwa siku hizo kutagharimu pungufu sana ya Sh900,000.

Mwaka mzuri unadanganya

Marekani, washauri wa fedha hupenda kanuni ya 20/4/10: lipa asilimia 20 taslimu, maliza mkopo ndani ya miaka minne, na gharama zote za gari zisizidi asilimia 10 ya kipato cha mwezi. Kanuni hiyo imetengenezwa kwa mtu anayelipwa mshahara kila mwezi. Anayelima alizeti, mtama au vitunguu hana "kipato cha mwezi".

Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Aprili. Mvua ikikata mapema, mwaka mzima umekwenda. Kwa hiyo kipimo kiwe mwaka mbaya.

Tuchukue mfano wa familia yenye watoto wanne. Baba ni mkulima, mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Wana akiba ya Sh7 milioni kutokana na mauzo ya alizeti na ng'ombe. Baada ya chakula, shule, matibabu na gharama za shamba, mwaka mzuri inabaki Sh9 milioni. Mwaka mvua ikigoma, inabaki Sh6 milioni.

Benki inawapa mkopo wa miezi 36 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayotozwa kwenye deni linalopungua. Pia wametenga Sh2.5 milioni pembeni: Sh1.5 milioni za kuhamisha umiliki, fundi wa kukagua, bima, sevisi ya kwanza na matairi, na Sh1 milioni ya dharura.

Wakitumia mwaka mzuri: wana Sh750,000 kwa mwezi. Wakitoa Sh305,000 za kutembeza gari, inabaki Sh445,000 ya rejesho. Hiyo inabeba mkopo wa karibu Sh12.8 milioni. Ukijumlisha akiba na kutoa zile Sh2.5 milioni, wanaona wanaweza kununua gari la Sh17 milioni.

Wakitumia mwaka mbaya: wana Sh500,000 kwa mwezi. Inabaki Sh195,000 ya rejesho, inayobeba mkopo wa karibu Sh5.6 milioni. Hapo bei yao ni Sh10 milioni.

Familia ni ile ile, shamba ni lile lile, lakini tofauti ni Sh7 milioni.

Nini kitatokea wakichukua lile la Sh15 milioni? Watahitaji mkopo wa Sh10.5 milioni, wenye rejesho la karibu Sh364,000. Ukiongeza gharama za kutembea, gari linataka Sh669,000 kila mwezi. Mvua ikigoma, wanapungukiwa Sh169,000 kwa mwezi, yaani Sh2 milioni kwa mwaka. Pengo hilo halizibwi na maneno. Linazibwa na ng'ombe aliyebaki, mbegu ya msimu ujao au michango ya shule.

Mkopo: Riba ile ile, deni tofauti

Asilimia 15 ya mkopeshaji mmoja siyo lazima iwe sawa na asilimia 15 ya mwingine. Kwa mkopo wa Sh5.6 milioni wa miaka mitatu, riba inayopungua kadiri deni linavyolipwa hufikia karibu Sh1.4 milioni. Riba inayokokotolewa kwenye mkopo wote kwa miaka yote mitatu hufikia Sh2.5 milioni. Mkopaji aulize kitu kimoja: "Mpaka namaliza, nitakuwa nimelipa jumla shilingi ngapi?"

Kwa mtumishi wa umma, makato yanatakiwa yaache angalau theluthi moja ya mshahara. Huo ni ukomo wa makato, siyo kipimo cha maisha. Kubaki na theluthi moja huku gari likitaka mafuta ni njia ya haraka ya kuomba mkopo mwingine.

Kwa mkulima, rejesho la kila mwezi lina tatizo lake: benki inataka hela Januari, alizeti inavunwa miezi kadhaa baadaye. Dawa ni kutenga hela ya gari ya mwaka mzima, ya rejesho na ya matengenezo, siku mavuno yanapouzwa, na kuiweka akaunti tofauti. Kama hela hiyo haitoshi kutengwa yote, gari hilo ni la bei kubwa mno kwa familia hiyo.

Kuagiza Japani au kununua mkononi?

Bei inayoonekana kwenye tovuti za magari ya Japani siyo bei ya kufika nyumbani. Tuchukue gari la abiria la CC 1,300, lenye zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake pamoja na bima na usafiri hadi bandarini inahesabiwa Sh10 milioni.

• Ushuru wa forodha asilimia 25: Sh2.5 milioni.
• Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya CC 1,001 hadi 2,000: Sh625,000.
• Ushuru wa uchakavu asilimia 30: Sh3.75 milioni.
• VAT asilimia 18: karibu Sh3.04 milioni.

Jumla ni karibu Sh9.9 milioni, kabla ya tozo nyingine, usajili, wakala wa bandarini na mafuta ya kulitoa Dar es Salaam hadi Singida. TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Kukitumia ni bure, na kifanyiwe kazi kabla ya kutuma hela yoyote nje.

Anayenunua mkononi anaepuka hayo, ila ana mtihani wake. Madalali hupenda kusema "namba D" au "namba E" kana kwamba ndiyo umri wa gari. Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, siyo lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 linaweza kuwa na namba mpya kuliko la mwaka 2008. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi ya gari.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe jina kwenye kadi ni la anayeuza, aangalie deni la faini za barabarani na la maegesho kwa kutumia namba ya gari, na ahakiki bima kwenye mfumo wa Tira. Fundi wa kukagua awe wa mnunuzi, siyo aliyeletwa na dalali.

"Gari litajilipa" ni mtego

Wapo wanaopandisha bei kwa kuamini kwamba gari litabeba abiria wa barabara ya Manyoni–Singida kama michomoko. Hiyo ni biashara: inataka leseni ya Latra na bima ya gari la abiria. Likipata ajali na abiria wa nauli huku lina bima ya gari binafsi, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Hela ambayo bado haijapatikana isiingie kwenye hesabu ya kununua.

Na kama hesabu inakataa?

Familia iandike safari zake zote za mwezi mmoja: mnadani, hospitali, shule, kanisani au msikitini, na mizigo. Kila safari iandikiwe nauli ya basi, bodaboda au gari la kukodi iliyolipwa kweli. Jumla ikiwa Sh120,000, gari la kula Sh305,000 halipunguzi gharama, linaongeza. Kama shida kubwa ni magunia na siyo watu, pikipiki ya matairi matatu inaweza kutatua tatizo kwa bei ndogo zaidi.

Hilo halimaanishi gari ni anasa. Mjamzito anayeanza uchungu usiku, au mzee anayehitaji kliniki kila wiki mbili, hawezi kusubiri basi la asubuhi. Familia yenye sababu hiyo ina haki ya kulipa zaidi ya nauli, ili mradi ijue inalipa kiasi gani zaidi, na kwa nini.

Daftari na kalamu vinatosha kwa kazi yote hii. Baba na mama wakae pamoja, waandike mambo manne: kinachobaki mwaka mbaya, gharama ya kutembeza gari, akiba iliyopo, na hela isiyoguswa. Bei itakayopatikana iandikwe chini na ibaki hapo, hata dalali akisema kuna mteja mwingine anakuja jioni.