Ndoa ya Miaka Mingi na Ugonjwa wa Kimya

Lipo swali ambalo sisi wauguzi tunaofundisha afya katika vikundi vya akina mama kanisani huulizwa mara nyingi, lakini kamwe si mbele ya watu. Huulizwa wakati viti vinakusanywa, na mwulizaji hujifanya anatusaidia kubeba. "Nesi, nimekaa kwenye ndoa miaka kumi na mitatu. Sina muwasho, sina maumivu. Naweza kuwa na ugonjwa wa zinaa bila kujua?"

Jibu ni ndiyo. Lakini tunamwomba msomaji asikimbilie kumtazama mumewe kwa jicho baya kabla hajasoma mpaka mwisho.

Miaka ya nyuma alikuja kliniki ya wajawazito mama mmoja mwenye mimba ya miezi mitano. Alikuwa ameolewa miaka kumi na mmoja. Mtoto wake wa kwanza alikuwa hai, wa pili alizaliwa mfu katika mwezi wa saba. Katika mimba hizo hakupimwa kaswende, kwani mara zote mbili aliambiwa vipimo vimekwisha. Safari hii vilikuwepo, na damu yake ikaonyesha ugonjwa. Mmoja wetu, kwa haraka ya foleni, akasema akiwa mlangoni: "Mama, kamlete mumeo, mna ugonjwa." Benchi zima likasikia. Yule mama akajifunga kanga yake akaondoka, na hatukumwona tena kwa wiki saba. Tunaandika haya kwa aibu, maana aliyekuwa akipoteza wiki hizo ni mtoto aliye tumboni.

Kaswende, ambayo wazee wengine huiita sekeneko, huanza na kidonda kisichouma. Kwa mwanamke chaweza kukaa ndani ya uke au kwenye mlango wa kizazi, asikione kabisa. Baada ya wiki tatu hadi sita hupona chenyewe. Huenda vikafuata vipele, hata kwenye viganja na nyayo, navyo hutoweka. Kisha kimya. Kimya hicho chaweza kudumu miaka kumi au ishirini huku vijidudu vimo mwilini. Kadiri miaka inavyopita mtu huyo kwa kawaida haambukizi tena kwa kujamiiana, lakini mwanamke akipata mimba bado aweza kumwambukiza mtoto. Ndipo mimba hutoka, au mtoto huzaliwa mfu, au huzaliwa mgonjwa.

Kisonono na klamidia zina tabia nyingine. Mwanamume mwenye kisonono mara nyingi huona usaha na husikia maumivu akikojoa, basi huenda akachomwa sindano, akanyamaza. Mkewe asiye na dalili yoyote hubaki nacho, na baada ya muda humrudishia. Klamidia ni ya siri zaidi, kwani wanawake wengi walio nayo hawasikii chochote. Madhara huonekana baadaye kwenye mirija ya uzazi: maumivu chini ya tumbo, mimba kutunga nje ya kizazi, au kukosa mtoto. Ni wangapi kati yetu wameitwa tasa na mawifi, na hakuna aliyewahi kuwapima!

Wala si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 palikuwa na maambukizo mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomona kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Yote manne yanatibika. Hapa Tanzania, utafiti uliofanywa vijijini mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kuwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa kiasi cha asilimia 40.

Sasa lile la kumtazama mume. Kipimo cha damu hakisemi nani aliyeleta ugonjwa wala lini. Tena kile kipimo cha haraka cha kaswende, cha tone la damu ya kidoleni, kwa watu wengi huendelea kuonyesha alama maisha yote hata baada ya kupona. Kwa hiyo mama aliyetibiwa wakati wa mtoto wa kwanza atunze kadi yake na aseme mapema, ili damu ipelekwe maabara kwa kipimo kingine. Fangasi za ukeni nazo si ushahidi wa uzinzi: huja kwa mimba, kwa kisukari, au baada ya kumeza antibiotiki. Na kujiosha ndani kwa sabuni au ndimu hakutibu kitu, kunaharibu tu kinga ya uke.

Jambo jingine: majibu ya mke si majibu ya mume. Mmoja aweza kuwa na virusi vya UKIMWI na mwenzake asiwe navyo, hata baada ya miaka mingi. Kila mmoja apimwe damu yake.

Matibabu ni ya wote wawili. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya benzathini pensilini, moja kwa ugonjwa mpya, na tatu, moja kila wiki, ikiwa haijulikani uliingia lini. Kwa kisonono na klamidia, msikutane kimwili mpaka zipite siku saba baada ya wote kutibiwa. Tumekuta wanandoa waliogawana dozi moja, mume nusu, mke nusu. Hapo hakuna aliyepona.

Kumwambia mume ndiko kugumu. Usimwambie katikati ya ugomvi, wala mbele ya watoto. Wengi wamefaulu kwa kusema tu, "Nesi anatuita sote wawili." Lakini kama una sababu ya kuogopa kupigwa, usianze wewe. Mweleze muuguzi faraghani, mpange naye njia iliyo salama.

Na mliofika miaka 30, ombeni uchunguzi wa mlango wa kizazi. Kirusi cha HPV, ambacho husababisha karibu saratani zote za mahali hapo, chaweza kukaa miaka bila dalili. Mwenye virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25.

Yule mama alirudi kwa sababu ya mke wa mzee wa kanisa, aliyemtembelea mara tatu bila kutaja ugonjwa. Alimwambia tu kwamba siku akiwa tayari, watakwenda pamoja. Wakaja. Tukamwomba radhi, akachomwa sindano ya kwanza. Wiki ya pili mumewe aliketi kwenye benchi lile lile kati ya wanawake, kofia mkononi. Damu yake nayo ilionyesha kaswende. Alisema alipokuwa kijana, kabla ya kuoa, alitokwa na kidonda kikapona chenyewe, akakisahau. Hatukumhoji zaidi. Sindano zake tatu alimaliza.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, wa kike, akalia kabla hatujamfuta. Tulimpima naye, tukawaandikia kwenye kadi tarehe za kurudi, zote tatu.