Mabawa ya Ajabu ya Jeti Ndogo: Kweli au Uongo?

"Mabawa yaliyoelekea mbele ni ya ndege za kivita tu."

Uongo. Jeti ya abiria HFB 320 Hansa iliruka mara ya kwanza Ujerumani mwezi Aprili 1964, mabawa yake yakielekea mbele kwa digrii 15. Mbunifu wake, Hans Wocke, hakuwa akitafuta kasi bali nafasi. Katika jeti ndogo mhimili mkuu wa bawa hauna budi kukatiza kiwiliwili cha ndege. Ukipita katikati ya chumba, abiria wataukanyaga au kuuruka. Ukipita chini, sakafu inapanda na kichwa kinagonga dari. Wocke alirudisha shina la bawa nyuma, mhimili ukapita nyuma ya viti, na ncha za mabawa zikaelekea mbele ili uzito wa ndege ubaki na mizani. Huu kwangu ndio ubunifu wa kweli: umbo zima la ndege limebadilika kwa ajili ya mtu atakayeketi ndani.

"Bawa hilo haliwezi kumwangusha rubani."

Nusu kweli. Ndege ikipunguza mwendo na kuinua pua, bawa lililoelekea nyuma huanza kupoteza nguvu kwenye ncha, hapo hapo penye vibawa vya kuinamishia ndege. Lililoelekea mbele huanza kwenye shina, hivyo rubani hubaki na usukani. Lakini Hansa ilikuwa na mkia uliokaa juu, umbo la T. Mwaka 1965 ndege yake ya kwanza ya majaribio ilianguka Hispania: pua ilipanda mno, na mkia ukanaswa na hewa iliyovurugwa na mabawa. Bawa zuri haliokoi mkia uliokosa hewa.

"Litajipinda mpaka livunjike."

Kweli, likiachwa bila dawa. Hewa huinua ncha, ncha hujisokota kuelekea juu, mnyanyuko unaongezeka, nayo inazidi kusokotwa. Ukitumia bati nene, uzito unakula faida yote. Ndege X-29 ya kampuni ya Grumman, iliyoruka Desemba 1984 ikiwa na mabawa ya digrii 33 hivi, ilitumia matabaka ya nyuzi za kaboni yaliyopangwa mshazari, ili bawa likipinda lijizuie lenyewe kusokotwa.

"Kulia na kushoto lazima vifanane."

Uongo, na hapa ndipo wengi hukataa kuamini. AD-1 ya NASA, jeti ndogo ya fibaglasi yenye injini mbili, iliruka Desemba 1979 ikiwa na bawa moja lililofungwa kwenye egemeo. Ikiwa angani lilizungushwa hadi digrii 60, upande mmoja ukatangulia na mwingine ukabaki nyuma. Mhandisi Robert T. Jones alikuwa ameonyesha kwamba mpangilio huo hupunguza ukinzani wa hewa kwenye mwendo mkubwa. Ilikamilisha safari 79 kufikia 1982. Kupita digrii 45 ilikuwa ngumu kuiongoza: rubani akivuta pua juu, ndege nayo inalalia ubavu.