Fahamu: Dereva mahiri hupimwa kwa vigezo gani?

Dereva mahiri ni yule ambaye, pamoja na kumudu usukani, hutambua hatari mapema na kupunguza mwendo kabla ya kulazimika kufunga breki ghafla.

Sheria inataka nini

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwanafunzi wa udereva awe na leseni ya kujifunzia, kisha afanyiwe mtihani. Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa penye makazi, na nje ya makazi ni kilomita 80 kwa mabasi na malori.

Kipimo cha Itigi

Mji wa Itigi, ambao Reli ya Kati na barabara ya Manyoni–Tabora huupitia, humpima dereva kwa jambo ambalo mtihani mfupi haulipimi vya kutosha, nalo ni subira. Treni iliyosheheni mizigo huhitaji umbali mrefu ili isimame, kwa hiyo, penye kivuko cha reli, wajibu wa kusimama ni wa dereva wa gari. Novemba 2023, basi la abiria liligongana na treni wilayani Manyoni, wilaya ulipo mji wa Itigi, na kusababisha vifo. Miaka mingi bila ajali haitoshi kuthibitisha umahiri, kwa kuwa anayevuka reli bila kutazama anaweza kunusurika mara nyingi kwa bahati tu.