Ukinyanyua Vyuma Peke Yako



Katika miji yetu ya Kongo, kama Bunia, Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, vijana wengi wanapenda kutia mwili nguvu. Asiye na franka za kulipa nyumba ya mazoezi hujitengenezea vyuma vyake. Hutwaa mikebe miwili, huijaza simenti, mchanga na changarawe, kisha huiunganisha kwa bomba la chuma. Wengine hutumia gia na magurudumu ya motokari iliyokufa. Asubuhi mapema, nyuma ya nyumba, kijana analala juu ya benchi na kuanza kunyanyua.

Je, jambo hili ni baya? Hapana. Kazi ya namna hii huimarisha misuli na mifupa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa shauri kwamba watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi kila juma. Basi hatuwakatazi. Lakini tunataka kusema juu ya hatari moja: kunyanyua mzigo mzito bila mtu wa kukusaidia.

Hatari yenyewe ni hii

Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu aliyelala chali na kusukuma chuma juu ya kifua huhitaji mwenzake asimame kichwani pake. Nguvu zikimwisha, mwenzake atashika chuma na kukiinua. Hata katika mashindano ya watu wenye nguvu nyingi, wasaidizi husimama karibu na benchi. Ikiwa wale mashujaa wanasaidiwa, wewe uliye peke yako nyuma ya nyumba utafanya nini?

Fikiri sasa. Mikono imechoka. Chuma kinashuka na hakipandi tena. Kinakaa juu ya kifua, au kinateleza mpaka shingoni. Kikikaa kifuani, mbavu haziwezi kufunguka kuvuta hewa. Kikikaa shingoni, koo linafungwa, tena huwezi kuita. Mtu akikosa hewa, baada ya dakika chache tu ubongo unaharibika, kisha anakufa. Vijana wenye afya njema wamekufa namna hii, katika nchi nyingi.

Swali la kujiuliza kila mara

Kabla ya kugusa chuma, jiulize neno moja: Nguvu zikiniishia, mzigo huu utaanguka fasi gani?

Kama jibu ni, "Utaanguka chini, mbele yangu," unaweza kuendelea. Kama jibu ni, "Utaanguka juu yangu," acha. Watu wanaonyanyua vyuma katika mashindano ya Olimpiki hawana msaidizi wa kushika chuma. Kwa nini? Kwa sababu wao husimama, nao wakishindwa huachilia chuma kianguke juu ya jukwaa lenye meta 4 kila upande, fasi isiyo na mtu. Mzigo wao una njia ya kuanguka. Wako pia uwe nayo.

Mzigo wa simenti si kama mzigo wa duka

Vyuma vya kununua vina sahani zinazotoka. Mtu aliye peke yake juu ya benchi haweki vifungio kwenye ncha za chuma. Akishindwa, huinamisha upande mmoja, sahani zinateleza na kuanguka, naye anaokoka. Lakini mkebe wa simenti umeshikamana na bomba. Hautoki kamwe. Kwa sababu hiyo, chuma cha kujitengenezea ni cha hatari zaidi kwa mtu aliyelala.

Tena, simenti inadanganya macho. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Lakini lita 1 ya simenti iliyochanganywa na mchanga na changarawe hupita kilo 2. Mkebe wa lita 10 una zaidi ya kilo 20, na mikebe miwili ina zaidi ya kilo 40, bila kuhesabu bomba. Peleka mikebe yako kwenye mizani ya sokoni. Pande mbili ziwe sawa, kwa maana upande mmoja ukizidi, chuma kitapinduka.

Acha simenti ikauke vizuri. Hufikia nguvu zake kamili baada ya siku kama 28. Kila siku angalia bomba kama limepinda, na mkebe kama una ufa. Usitumie mti mahali pa bomba, kwa sababu mti huvunjika bila kukuonya.

Namna ya kufanya ukiwa peke yako

1. Usilale chini ya chuma kizito. Kwa kifua, fanya pompe, yaani kusukuma ardhi kwa mikono. Ukiona ni rahisi, mwambie mdogo wako akuwekee mfuko mdogo wa mchanga mgongoni. Ukichoka, unalala kifudifudi tu, na hakuna kilichokubana.

2. Ukitaka kabisa kulala na kusukuma, weka kizuizi kila upande: magogo mawili mazito au kuta mbili fupi za tofali zilizojengwa imara. Vizuizi viwe juu kidogo kuliko kifua chako na koo lako, ili chuma kikianguka kikamatwe navyo. Jaribu kwanza kwa fimbo nyepesi. Kama fimbo inagusa koo, vizuizi ni vifupi mno.

3. Shika chuma kwa vidole vyote, na kidole gumba kizunguke upande wa pili. Mtu asiyezungusha kidole gumba, chuma huteleza mkononi mwake na kumwangukia.

4. Kwa miguu, usiweke chuma cha simenti mabegani. Kumbatia bidoni ya maji au mfuko wa mchanga kifuani, chuchumaa, kisha simama. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, nayo yatosha kwa wengi. Ukishindwa, unaiachilia mbele yako.

5. Kuokota mzigo kutoka chini ni salama kuliko kulala, maana unaweza kuurudisha. Lakini kunja magoti, mgongo unyoke, mzigo uwe karibu na miguu.

6. Usingoje mpaka nguvu ziishe kabisa. Simama ungali unaweza kunyanyua mara 2 au 3 tena. Siku ya kujaribu mzigo mpya mzito, ngoja mpaka rafiki yako afike.

7. Toa pumzi unaposukuma. Anayezuia pumzi kwa muda mrefu huweza kupata kizunguzungu na kuanguka pamoja na mzigo.

8. Waambie watu wa nyumbani kwamba unafanya mazoezi, wala usifunge mlango kwa ufunguo. Watoto wadogo wakae mbali.

Ukibanwa na chuma

Piga kelele mara moja, ungali na pumzi. Usione haya. Haya imeua watu. Kama chuma kiko kifuani, usikiache kielekee shingoni. Kiviringishe polepole kuelekea tumbo, mpaka kwenye mapaja, kisha kaa. Kitaumiza, lakini utapumua.

Ukimkuta mwenzako amebanwa, ita wengine, nanyi mwinue chuma kwa pande zote mbili pamoja. Kama hapumui wala haitiki, mlaze juu ya ardhi ngumu, weka mikono katikati ya kifua chake, ukandamize kwa nguvu kiasi cha sentimeta 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Kama anapumua lakini shingo inamwuma au miguu haina nguvu, asigeuzwe ovyo. Mchukueni juu ya ubao, kichwa kisitikisike, mpaka hospitali.

Wasionyanyua bila kumwuliza munganga

Aliyepasuliwa tumbo karibuni. Mwenye ngiri, yaani uvimbe kinenani. Mwenye damu kupanda. Mama mwenye mimba. Mwenye homa ya malaria, hasa kama bandama imevimba, kwa maana pigo la mzigo tumboni laweza kuipasua. Tena ngiri ikiwa ngumu, ikauma na kukataa kurudi, na mtu akitapika, hiyo si shauri la kungoja kesho. Aje hospitali saa ile ile.

Ndugu kijana, hakuna anayekucheka ukimwita jirani asimame karibu nawe kwa dakika kumi. Kesho nawe utasimama karibu naye. Lakini kama hakuna mtu, chagua mzigo unaoweza kuuachilia.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini chuma cha simenti ni hatari kwa mtu aliyelala?
2. Mkebe wa lita 10 uliojaa simenti na changarawe una kilo ngapi, zaidi au pungufu ya 20?
3. Ni mazoezi gani mawili yanayofaa kwa mtu aliye peke yake?
4. Ni swali gani utajiuliza kabla ya kunyanyua?