Hofu Ipelekwe kwa Nani?

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 20:1-22



Mfalme Yehoshafati aliposikia kwamba jeshi kubwa linamjia, aliogopa. Biblia haifichi jambo hilo. Lakini aliwakusanya watu wote, hata watoto wachanga, akakiri mbele za Mungu kwamba hawana nguvu wala hawajui la kufanya. Kisha akawatanguliza waimbaji mbele ya jeshi.

Ng'ambo ya ziwa letu, tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lilichimbwa Namirembe, lakini mwili haukuletwa; ulizikwa kwao Mucwini. Jumapili iliyofuata maelfu walikuja Namirembe, wakaimba. Kaburi tupu likawakumbusha Bwana aliyefufuka. Mwaka uo huo Kanisa la Uganda likaadhimisha miaka 100 ya Injili.

Ndugu wa Obunga, labda ujenzi wa kanisa umekwama, na sadaka ni shilingi chache za mama aliyeshinda akikaanga mgongo wazi. Msijifanye hamwogopi. Hofu ambayo kila mtu huificha moyoni mwake hututawanya. Tukiipeleka kwa Mungu pamoja, hutukusanya.

Basi kabla kamati haijahesabu fedha, liiteni kanisa lote, wazee kwa watoto. Mwambieni Mungu waziwazi kinachowatisha. Kisha imbeni, mkaishike kazi iliyo mbele yenu.

Tuombe: Ee Bwana, hatujui la kufanya, macho yetu twayaelekeza kwako. Amina.