Uyoga chumbani: Tahadhari na hewa nzito

Mtu akishikwa na homa, jambo la kwanza analofikiria ni malaria. Akikohoa kwa majuma matatu, majirani huanza kunong'ona kuwa ni kifua kikuu. Ni wachache mno watakaomuuliza iwapo anakuza uyoga katika chumba cha ziada.

Hata hivyo, swali hilo lafaa kuulizwa. Kilimo cha uyoga kimewavutia wakazi wengi wa mijini kwa sababu hakihitaji shamba. Chumba kimoja, mifuko iliyojazwa mabua ya ngano yaliyochemshwa, mbegu na maji, na baada ya majuma machache kuna mboga ya kula na ya kuuza. Uyoga aina ya oista ndio unaopendwa zaidi kwa kuwa hausumbui sana. Lakini ukikomaa hurusha hewani mamilioni ya spora, yaani chembechembe ndogo mno ambazo uyoga hutumia kuzaliana. Katika chumba kilichofungwa, mwenye kuzivuta ni wewe.

Baadhi ya watu wanaovuta chembe hizo siku baada ya siku hupata mzio ndani ya mapafu. Vifuko vidogo vya hewa huvimba. Saa nne hadi nane baada ya kutoka chumbani, mtu huanza kutetemeka kwa baridi, akapata homa, kikohozi kikavu, kifua kubana na maumivu ya misuli. Kwa hivyo anayevuna asubuhi huugua jioni, na kwa kuwa wakati huo yuko mbali na uyoga, hawazii kuulaumu. Keshoye huamka na nafuu. Akisafiri kwenda mashambani kwa juma moja hupona kabisa, kisha akirejea kazini maradhi nayo hurejea.

Ugonjwa huu hauambukizi wala si mpya. Mwaka wa 1959 madaktari wa Marekani waliueleza miongoni mwa wafanyakazi wa uyoga katika jimbo la Pennsylvania. Wale waliathiriwa na vumbi la mboji. Kwa oista, spora zenyewe ndizo adui mkuu. Mtu akipuuza dalili na kuendelea kuvuta vumbi hilo kwa miaka, mapafu huweza kupata makovu yasiyoondoka.

Taabu huanzia kwenye unyevu. Wakati wa kuchipuka, uyoga huhitaji unyevu wa hewani wa takriban asilimia 80 hadi 90. Mkulima anayeona chumba kikikauka huziba dirisha na kila tundu. Unyevu hubaki, kweli, lakini gesi ya kaboni dioksidi inayotolewa na uyoga hubaki pia. Uyoga wenyewe utakuonyesha: mashina hurefuka na vichwa huwa vidogo. Ukiona hivyo, usiongeze maji. Chumba kinataka hewa.

Toboa tundu moja chini ukutani na jingine juu, upande wa pili, uyazibe kwa wavu wa kuzuia wadudu. Hewa itokayo sharti iende nje wala si kwenye sebule au ujia wa majirani. Ukitumia feni, usiielekeze kwenye uyoga kwani utakauka. Unyevu urudishe kwa kumwagia maji sakafuni na kutani, asubuhi na jioni. Maji yakituama juu ya uyoga, bakteria huufanya uwe na madoa ya kahawia na utelezi. Mwezi wa Julai, Nairobi inapokuwa na baridi, mvuke huganda kwenye mabati usiku na kudondoka juu ya mazao, hivyo ni vyema kuweka dari.

Kuna wanaoingiza jiko la makaa ili kupasha chumba joto. Hilo ni kosa la kuua. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, na mtu anaweza kuzirai kabla ya kufikia mlango.

Dawa iliyo bora kuliko zote ni kuvuna mapema, kingo za uyoga zingali zimejikunja kwenda chini. Zikishanyooka, au ukiona unga mweupe juu ya uyoga ulio chini, umechelewa. Unga huo usiufagie ukiwa mkavu. Upanguse kwa kitambaa chenye maji. Unapovuna, vaa barakoa aina ya N95 inayoshika uso vizuri. Leso haisaidii.

Vilevile usilale katika chumba hicho, wala usiwalaze watoto humo. Unyevu unaoufaa uyoga haufai chumba cha kulala. Unyevu wa nyumbani ukizidi asilimia 60, kuvu huanza kuota kwenye kuta na nguo, na wenye pumu huteseka.

Iwapo tayari una kikohozi na homa ya jioni, pimwa damu kabla ya kumeza dawa za malaria. Ukimwona daktari mweleze kazi unayoifanya, siku unazovuna na saa dalili zinapoanza. Picha ya eksirei pekee huenda isimwonyeshe.